Mkono Uliomimina Chai

Isleworth,
11 Machi 1984

Kwako Nesta, shoga yangu wa tangu enzi za mgao wa sukari,

Hujambo wewe, na Emlyn hajambo? Goti lako je, limekubali kupanda ile ngazi ya kwenda dukani au bado linakununia? Na yule paka wenu mwizi, natumaini bado anaiba, maana paka wa umri wake akiacha kuiba ni dalili mbaya. Mimi sijambo. Kifua kinanisumbua asubuhi, macho yanataka miwani mipya, lakini ukinileta mbele ya watu ishirini bado nitakwambia nani kafunga kifungo kipi na nani kavaa soksi zisizofanana. Ugonjwa huo haunitoki, nitazikwa nao.

Asante kwa sweta ulilonifumia. Mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia kwa nusu inchi. Usikasirike, nalivaa kila siku, na hata sasa ninapoandika nimelivaa.

Nakuandikia mapema, kabla ya Pasaka, kwa sababu nimepata barua kutoka kwa wale watu wa jumba la sinema kule ukingoni mwa mto. Tarehe kumi na nne Aprili, saa nane mchana, wataonyesha Chai ya Saa Kumi, halafu tuliobaki hai tutapandishwa jukwaani tuulizwe maswali. Tuliobaki ni wachache, Nesta. Lorna aliyecheza mjane atakuja kutoka Ufaransa, Stan wa kamera atakuja kwa kiti chake cha magurudumu, na mimi. Na wewe. Najua barua kama hiyo imekufikia, na najua umeitupa kwenye kikapu cha nyuzi ukasema hao wanawataka watu waliofanya filamu, si waliofukuzwa. Ndiyo sababu ya barua hii. Siku hiyo nitasema jambo linalohusu jina lako mbele ya watu wote, na sitaki ulisikie mara ya kwanza ukiwa umekaa kwenye kiti cha ukumbi, au mbaya zaidi, ulisome gazetini huko Aberystwyth.

Nivumilie basi nianzie mbali kidogo. Unanijua, siwezi kuanza onyesho katikati.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani mwanamke mmoja, Dokta Quennell, anafundisha mambo ya filamu chuo kikuu. Ni mtu mzuri, ana adabu, alikula vipande vitatu vya keki ya zabibu na kikombe alikirudisha jikoni mwenyewe. Ameandika kurasa kumi na sita juu ya sekunde tisa za filamu yetu. Unazijua sekunde hizo kuliko mtu yeyote duniani. Mwuza dawa ameketi na mjane, picha ya mbali, anashika buli kwa mkono wa kulia. Picha inaruka karibu, na buli liko mkono wa kushoto. Basi kwa mujibu wa Dokta Quennell, hapo ndipo ubingwa wa Gerald Ormsby ulipo. Mwongozaji, anasema, alitaka tuhisi, bila kujua kwa nini, kwamba mtu huyu mpole ni watu wawili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na huyu wa kushoto ndiye muuaji.

Nesta, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Unamkumbuka Ormsby? Mtu ambaye siku moja alitaka kupiga picha ya mazishi huku nusu ya waombolezaji wakiwa wameenda kula! Lakini huyu mama akanionyesha gazeti la miaka ya sitini, mzee amehojiwa, ameulizwa juu ya mikono, naye anajibu bila haya yoyote kwamba alilifikiria kwa wiki tatu. Wiki tatu! Huyu aliyekuwa haoni mikono hata yake mwenyewe. Mungu amrehemu, alikuwa mwongo mwenye kipaji.

Kisha Dokta Quennell akaniuliza kwa upole sana kama ni kweli kwamba wakati ule watu wa studio walidhani ni kosa, na kwamba msichana mmoja wa chumba cha uhariri alipoteza kazi kwa sababu hiyo. Jina lake hakulipata popote. Nilimwambia sikumbuki.

Mimi, nilimwambia mtu kwamba sikumbuki. Nilimsindikiza mpaka getini, nikarudi ndani, nikakaa kwenye ngazi na koti langu. Tangu siku hiyo sijatulia.

Acha nikukumbushe vuli ile ya mwaka hamsini na moja, kwa sababu wewe ulikuwa chumbani kwako na mikasi na gundi, na kilichotokea ukumbini mwa kupigia picha hukukiona. Tulikuwa tumebakiza wiki moja. Mimi kwenye kigoda changu kando ya kamera, saa ya kupimia sekunde shingoni, mashine ya chapa magotini, nikiandika kila kitu: sigara imebaki inchi ngapi, shungi liko upande gani, kikombe kimejaa hadi wapi, ili picha ya leo ilingane na ya jana. Watu hawakuniita kwa jina hata nusu ya siku. Mafundi wa taa kule juu walikuwa wananiita Mama Kumbukumbu. Mmoja wao, yule mwekundu mwekundu, kila asubuhi alikuwa ananirushia sauti, “Mama Kumbukumbu, jana nilikuwa nimenyoa au sikunyoa?” nami namjibu, “Wewe hata ukinyoa haionekani,” na wenzake wanaangua kicheko mpaka taa zinatikisika.

Na kabla ya kila picha Ormsby alikuwa anageuka kwangu, anauliza, “Enid, sawa?” Nikisema sawa, kamera inazunguka. Nikisema si sawa, watu sitini wanasimama mpaka kijiko kirudishwe mahali pake. Hakuna aliyebishana nami. Mtu wa cheo kidogo kama mimi, na neno langu lilikuwa linasimamisha kila kitu isipokuwa kigari cha chai. Kigari cha Bi Flo kikiingia saa kumi hata muuaji alikuwa anaiachia shingo ya mtu na kwenda kupanga foleni.

Ijumaa tulipiga picha ya mbali ya onyesho la chai. Cuthbert Trewhitt, mwuza dawa wetu, alimimina kwa mkono wa kulia, vizuri sana, bila tone kumwagika. Nikaandika. Picha za karibu zikaachwa mpaka Jumatatu.

Sijui kama ulipata kuzungumza na Bwana Trewhitt. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini alikuwa amecheza watumishi wanaofungua milango na polisi wanaosema “pita huku.” Hii ilikuwa mara yake ya kwanza jina lake kuandikwa mbele ya jina la filamu. Alikuwa anakuja saa moja kabla ya wenzake, anakaa kwenye kile kiti cha mwuza dawa peke yake, anavigusa vile vichupa kimoja kimoja. Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayeheshimu vitu vya mezani ni mtu wangu.

Jumatatu alikuja mkono wa kulia ukiwa mfukoni mwa koti. Wengine waliona koti, mimi niliona mkono. Alitumia wa kushoto kuvua kofia, wa kushoto kupokea chai kwa Bi Flo, na wa kushoto kunisalimia, na hapo akaona kwamba nimeona. Akaja akachuchumaa karibu na kigoda changu kana kwamba anauliza juu ya maneno yake. Akaniambia kwamba Jumapili asubuhi, akinyoa ndevu, wembe ulimponyoka ukaanguka kwenye beseni, na alipotaka kuuokota vidole vilikataa. Midomo ilikuwa mizito kidogo kisha ikarudi. Vidole havijarudi.

Nikamwambia hicho ni kiharusi, aende kwa daktari mara moja. Akasema ataenda Ijumaa, akimaliza, na si kabla. Maana daktari wa kwanza atakayemwona ni wa watu wa bima, na daktari huyo akisema neno moja tu, studio itamweka mtu mwingine kwenye kiti kile na kupiga picha upya tangu mwanzo, na hakuna mtu atakayempa Cuthbert Trewhitt hata mlango wa kufungua tena. “Mwanangu,” akaniambia, “nimengoja miaka thelathini nikae kwenye kiti chenye mgongo. Niachie siku nne. Nitamimina kwa huu mwingine.”

Nesta, alikuwa na tone la jasho juu ya mdomo, na rangi ya uso ya studio ilikuwa imeanza kuvuja. Nikaitoa leso yangu nikampangusa. Hiyo haikuwa kazi yangu, ilikuwa kazi ya watu wa vipodozi.

Taa zikawashwa. Trewhitt akashika buli kwa kushoto. Stan akatoa jicho kwenye kamera akasema, “We Enid, Ijumaa si alimimina kwa ule?” Nami nikamjibu kwa kelele, “Wewe Stan angalia kioo chako, mikono niachie mimi!” Watu wakacheka. Ormsby akageuka. “Enid, sawa?” Nikasema sawa.

Picha ile wote tunaijua. Mkono unatetemeka kidogo sana juu ya kikombe, na uso wake umetulia tuli. Dokta Quennell anasema huo mtetemeko ni woga wa dhambi. Ulikuwa mkono wa mzee usiozoea kubeba buli.

Hapa ndipo ulipoingia wewe, na hapa ndipo nilipotamani kuacha kuandika mara mbili tangu asubuhi.

Mkuu wako alikuwa amekupa onyesho lile ulikate na kuliunganisha mwenyewe, la kwanza lako. Ulikuja kantini umefura kwa furaha, ulinishika mabega ukaniambia, “Enid, likipendeza filamu ijayo mimi ni mhariri kamili. Mwanamke! Mimi!” Ulikuwa na mipango hadi ya kiti utakachonunua. Kisha baada ya siku tatu ukanipigia simu kutoka chumba cha uhariri. Ukaniambia karatasi zangu zinasema kushoto na kushoto, lakini ukitazama filamu yenyewe picha ya mbali ni kulia. Ukauliza ufanyeje. Nikakujibu kwamba Ormsby anajua na ndivyo anavyotaka. Ukauliza, “Una hakika?” Nikasema nina hakika. Ukasema, “Basi, wewe ukisema nimemaliza,” ukakata simu.

Na siku ya kuwaonyesha wakubwa, taa zilipowaka, mtayarishaji akauliza ni nani aliyekata onyesho la chai, kwani muuaji amebadilisha mikono kama mcheza mazingaombwe. Ormsby akashangaa kuliko wote. Akasema yeye hakuulizwa. Seti ilishavunjwa, mabango yalishabandikwa mjini na tarehe ya uzinduzi, hapakuwa na la kufanya. Mimi nilikuwa nimeketi karibu nawe. Nikajisogeza kama mtu anayetaka kusimama, na sijui mpaka leo kama kweli ningesimama. Hukunipa nafasi ya kujua. Uliweka mkono juu ya goti langu ukanikandamiza chini, ukasimama wewe, ukasema, “Mimi nimekata. Sikuona.”

Ukarudishwa kubandika namba kwenye makopo ya filamu, na kufika mwisho wa mwezi ukaondoka. Tulikuwa kwenye ngazi za nje, una sanduku lako na ule mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Nikalia. Ukaniambia, “Wewe una mama anakohoa ndani. Mimi nina Emlyn na kazi yake ya ualimu. Mtu wa kumbukumbu akikosea mikono nani atampa kazi tena? Tuyaache.” Kisha ukacheka, ukanipiga kibao cha begani, ukasema, “Kumbe hata Enid Cobbold hukosea! Nitalala vizuri leo.”

Tangu hapo, miaka thelathini na miwili, kila kadi ya Krismasi umeniandikia kitu kuhusu “kosa letu.” Kosa letu limeonyeshwa Cardiff. Kosa letu limeonyeshwa kwenye televisheni, Emlyn amepiga mluzi lilipofika. Umelibeba kama mzaha ili nami nisiumie. Ulidhani nilichanganyikiwa, ukanifichia.

Sikuchanganyikiwa, Nesta. Sikukosea. Nilijua ni mkono upi Ijumaa na ni upi Jumatatu, nilijua nilipokuwa nasema sawa, nilijua niliporudi kigodani nikachapa karatasi ya onyesho lile upya nikaandika kushoto na kushoto, na nilijua uliponiuliza kama nina hakika. Nilikudanganya nikiwa na akili zangu timamu. Na uliposimama mbele ya wale watu ukanifichia kosa ambalo sikulifanya, niliacha ulifiche.

Sitajitetea kwa jina la Trewhitt. Alimaliza filamu yake. Alitembea barabarani watu wakimgeukia, na kwenye mgahawa aliouzoea wahudumu walikuwa wanakataa kwa mzaha kunywa chai aliyoigusa, na alikuwa anafurahi kama mtoto. Alipata miezi kumi na minne ya hiyo, kisha kiharusi kikubwa kikaja. Aliwahi kuniuliza yule binti wa Kiwelisi ameenda wapi. Nikamwambia umekumbuka kwenu. Kwa hiyo yeye naye nilimdanganya, akafa hajui.

Ukiniuliza leo kama ningemwambia Ormsby sawa tena, nadhani ningemwambia. Sioni aibu ya hilo. Ninaloona aibu ni simu yako. Ningekwambia tu, “Nesta, mzee ana kiharusi, mikono hailingani, fanya unavyojua,” ungefanya nini? Ungefunga mlango, ungeondoa buli lote, ungebaki na uso wa Lorna na sauti ya chai ikimiminika, na pengine lingekuwa onyesho bora kuliko hilo linaloandikiwa kurasa kumi na sita. Ungetunza siri mpaka kaburini. Nilikuwa na mtu mmoja katika studio nzima ambaye angetuokoa wote watatu, na huyo ndiye niliyemficha. Niliogopa. Siri ilikuwa mpya mkononi, sikutaka kuigawa na mtu yeyote. Sina sababu nyingine nzuri zaidi, nimeitafuta sana.

Mimi nimefanya filamu arobaini na moja baada ya ile. Wewe umeuza nyuzi. Najua unalipenda duka lako, umeniambia, nami nakuamini. Lakini nakumbuka kile kiti ulichotaka kununua. Kilikuwa cha kuzunguka, cha ngozi ya kijani.

Humu ndani ya bahasha utakuta karatasi moja ya rangi ya maziwa, imekunjwa mara nne. Ndiyo karatasi ya kwanza, ile niliyoichapa kabla sijachapa ya uongo. Sikuweza kuichana. Mtu wa kazi yangu hachani karatasi, huo nao ni ugonjwa. Utaona imeandikwa: Ijumaa, buli, mkono wa kulia. Jumatatu, buli, mkono wa kushoto. Na chini, kwa kalamu nyekundu, hailingani, mwongozaji aambiwe. Saini ni yangu na tarehe ni ya siku ile. Ni yako sasa. Ukitaka uje nayo tarehe kumi na nne, upande nayo jukwaani uisome kwa sauti yako ile ya kanisani. Ukitaka itie motoni, iungue. Mimi kwa vyovyote nitasema, na nitalitaja jina lako lote, Nesta Pugh, na nitasema lilikuwa onyesho lake la kwanza na kwamba alilikata vizuri. Kama hutaki kuniona tena baada ya hapo, nitaelewa, ingawa sitalipenda.

Nisalimie sana Emlyn. Mwambie asipige mluzi tena likifika onyesho lile. Msalimie na yule mwizi wa samaki, na dada yako kule Machynlleth, na majirani wanaonijua. Stan alipiga simu juzi, anakusalimu, anasema alijua siku zote kuna kitu na kwamba mimi ni mjeuri. Wameniambia viti vya mbele vina majina yetu. Nimewaomba chako wakiweke upande wangu wa kulia, kwa sababu siku ile mbele ya wakubwa ndiko ulikokaa. Ulinikandamiza goti kwa mkono wa kushoto, una pete ya Emlyn, na kwenye ukucha wa kidole gumba kulikuwa na gundi iliyokauka. Hilo sikuliandika popote, na sijalisahau.

Mimi rafiki yako, kama bado nafaa kuitwa hivyo,

Enid Cobbold